Ngozi ya Mdomo-Bata

Katika banda la kusafishia mifupa ya kale walimwita Chapchapu, na jina alilipenda. Jiwe likishawekwa mezani kwake, patasi haipumziki mpaka mfupa uonekane wote. Taya la dinosau mwenye mdomo wa bata, lenye mamia ya meno yaliyobanana ya kusagia majani, alilimaliza wenzake wakiwa bado wanatafuta brashi.

Meza ya pili ilikuwa ya wifi yake, dada wa mumewe, mtu wa polepole. Mkia wa yule mnyama ulipoletwa umekatwa mapande mawili, wakagawana.

"Wifi, huyo atafufuka aondoke zake hujammaliza."

"Nawe mdomo wako huo, wifi yangu, ungekuwa patasi tungeshafunga kazi."

Chapchapu alimaliza upande wake, akabeba ndoo ya vipande vya jiwe alivyobandua kwenda kufukia dimbwi la bombani, kama alivyofanya wiki nzima. Maji yakarukia kipande kimoja, vikatokea vipele vidogo vilivyopangana kama shanga. Akachuchumaa.

Ilikuwa alama ya ngozi, iliyobaki kwenye tope kabla tope halijawa jiwe. Mkubwa wao alishawaonya: mkikuta vipele, simameni. Na vipele alivisikia vikikwaruza chini ya patasi. Hakusimama, kwa sababu kusimama ni kuchelewa. Sasa ngozi ya mnyama ilikuwa kokoto, na watu waliikanyaga wakienda kunawa.

Akakididimiza kile kipande topeni kwa kandambili. Nani atajua?

Ndipo akasikia patasi ya wifi yake ikigonga mbiombio, kama si yeye. Maneno ya utani yalikuwa yamemwingia.

Chapchapu alikichokoa kipande, akaingia, akamshika mkono.

"Acha hapo hapo."

"Kwani vipi? Unaogopa nitakupita?"

Akamwekea kipande mezani. Wifi akakipapasa kwa kidole gumba, akatazama jiwe lake, bado lina ngozi nzima isipokuwa pembeni alikoanza kuharakisha leo.

"Hiki cha wapi?"

"Upande wangu."

"Na vingine?"

Chapchapu akaelekeza kidevu bombani. Wifi hakucheka, na hilo lilimuuma zaidi.

"Mimi sikusemei," alisema wifi. "Nenda mwenyewe."

Mkubwa alikuwa kwenye simu, anamsifia mtu jinsi mkia ulivyokwenda haraka. Alipomwona, akatabasamu, akamsogezea kiti.

"Nitasimama," alisema Chapchapu, akafungua kiganja chenye kile kipande.