Sura Iliyochomwa Sigirini

Siku zile kitabu cha kufundisha kompyuta kilikuwa kimoja tu kwa vijana watano. Mwalimu wao, Mhindi, alipofukuzwa nchini pamoja na Wahindi wenzake wote, aliwaachia akisema, "Someni hiki kabla ya kingine chochote." Wakakifumua uzi, kila mmoja akachukua sura yake, na kila Jumamosi wakawa wanabadilishana chumbani kwa Masinde, Mkenya aliyeishi Kansanga.

Atim aliishi kwa dada yake Filda, mama wa mtoto Opio na mke wa polisi, kwenye maghorofa ya Bugolobi. Zamu ya sura ya kwanza ilipomfikia, aliilaza chini ya mto akaenda kazini.

Mchana askari wa jeshi wakaja kupekua jengo. Filda hakuwa mjinga, darasa la sita alilimaliza kwa masista. Lakini aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka: jirani yao alichukuliwa kwa ajili ya ramani ya shule tu, hakuonekana tena. Akazitazama zile karatasi. Namba, mishale, visanduku, maneno yasiyotamkika. Kama si siri za majasusi, ni nini? Akazitia kwenye sigiri iliyojaa makaa ya moto.

Askari waliishia ghorofa ya chini, wakaondoka na redio ya watu.

Jioni Atim alipindua godoro. "Dada, hujaona karatasi zangu?"

"Karatasi gani? Mimi na kompyuta wapi na wapi?" Filda akazidi kukoroga posho, ugali wao wa jioni, moyo ukimsuta.

Jumamosi Atim alirudi macho mekundu. "Mwenzetu Loice ameniita mwizi mbele ya wote. Eti sura nimeificha ili nipite peke yangu mtihani wa kazi ya kompyuta. Siendi tena! Na mtihani waufanye wao."

Jumapili, badala ya kanisani, alimshika mdogo wake mkono mpaka Kansanga, ambako wenzake walikuwa wamekutana tena kwa kuwa mtihani ulikaribia.

"Karibu, Mama Opio," Masinde akatania. "Nawe unataka kusomea kompyuta?"

"Sura yenu niliichoma mimi. Niliogopa askari. Huyu hajui lolote."

Atim akauchomoa mkono wake.

"Posho iliiva, angalau?" akauliza Loice. Hakuna aliyecheka. Ila Loice alisogea, Atim akapata pa kuketi.

Wale waliokwisha kuisoma wakaanza kutaja walichokikumbuka, Atim akiandika. "Hapa palikuwa na mchoro." "Wapi! Ulikuwa mfano wa mishahara." Wakabishana, wakakwama, Atim akaacha nafasi nyeupe. Kila walipokwama, Filda aliinamisha kichwa pale kizingitini. Hakuna aliyemfukuza, na hilo ndilo lililomchoma zaidi. Afadhali wangemtukana.

Njiani akasema, "Nisamehe, mdogo wangu."

Atim alikuwa amezikumbatia karatasi kifuani. "Nimekusikia, dada. Ila hizi nikifika nyumbani nitaziweka wapi?"