Shangazi Ndani ya Faili Lililofungwa

"Iko hapa, mama. Jina tunaliona, ukubwa tunauona. Lakini haifunguki."

Fundi wa kompyuta alinigeuzia kioo nijionee. Mistari mitatu: shangazi moja, shangazi mbili, shangazi tatu. Mbele ya kila jina kulikuwa na kinyota kidogo, na fundi akasema hicho kinyota ndicho kufuli.

"Na yule aliyeitengeneza hii programu? Hawezi kufungua?"

"Angeweza yeye, hata wezi wangeweza." Akatabasamu. "Nani alikufungia, mumeo?"

"Mume wangu angeniachia ufunguo."

Hapo akaacha kutabasamu. Shangazi tulikuwa tumemzika miezi miwili tu nyuma. Ndiye pekee aliyekuwa tayari kusema baba yangu alitupwa wapi, na alikuwa ameshasema. Maneno yake yalikuwa pale mbele yangu, yamekunjwa, na mimi sina neno la kuyakunjua.

Huyo shangazi, dada yake baba, ndiye aliyenilea baada ya mauaji ya kimbari. Siku ile alikuwa kajificha juu ya dari, akaona kupitia tundu walikompeleka baba. Mimi sikuwepo. Miaka yote nikimuuliza ananipa kazi: chota maji, kunja nguo. Na fundi viatu wa ng'ambo ya njia, ambaye ndiye aliyewaleta wenzake nyumbani kwetu, alisimama gacaca, mahakama ya wanakijiji, mbele ya watu wote akasema, "Tulimuua, lakini mahali sikumbuki." Akafungwa, akatoka. Asubuhi namwona anafagia mlango wake. Namtaja hapa kwa kazi yake, mtaa mzima unamjua.

Shangazi alipozeeka, akakubali kuongea na mashine. Alikuja bwana mmoja wa ofisi ya mtaa wa Kacyiru iliyokuwa inakusanya ushuhuda wa mauaji, Mnyarwanda aliyekulia Uganda, mpole, Kiswahili chake kimechanganyika na Kiingereza. Akaweka kinasa sauti juu ya kitambaa cha meza. Shangazi akaniangalia.

"Toka nje, mwanangu. Siwezi kumvua baba yako nguo mbele ya binti yake. Utasikiliza nikishaondoka."

Nikatoka. Nilikaa uani na cherehani yangu, mikono ya gauni mapajani, na sauti yake inanifikia kama maji yanayopita mbali. Nilitaka kusikia. Lakini nilikuwa nimeambiwa nitoke, basi nikaanza kukanyaga pedali. Uzi ulikuwa umeisha na sikuweka mwingine. Nilishona bila uzi, sindano inatoboa kitambaa bila kuacha kitu, ili kelele imfunike. Jua lilikuwa zuri siku ile. Chai yao ilipoa mara mbili, nikaipasha mara mbili.

Walipomaliza, yule bwana akafungua kompyuta yake. "Nazibana rekodi zote tatu ziwe faili moja dogo, halafu naweka paswadi. Ni kwa usalama wenu, mama. Majirani wengine bado wako." Nikaelewa kwa ufundi wangu: suti tatu ukizikunja vizuri zinaingia mfuko mmoja, na hakipungui hata kifungo. Akanipa flashi. Nikaiweka kwenye kopo la vifungo.

Neno lenyewe sikuliuliza. Mtu amekunywa chai yako, amemsikiliza mzee wako mchana kutwa, unamwambiaje nipe ufunguo, kama vile unamshuku? Yeye ndiye aliyejua kwamba bila neno hakuna kitu. Mimi niliishia darasa la nne.

Shangazi alifia Kibagabaga, hospitalini, mkono wake mkononi mwangu. Hakusema mahali. Kwa nini aseme? Alijua flashi ninayo.

Nilipotoka kwa fundi nikampigia yule bwana. Ofisi yao imefungwa, sasa anafanya kazi Masoro kwenye maghala.

"Pole sana, mama. Paswadi ilikuwa kwenye simu yangu ya zamani. Sikumbuki."

"Na nakala yenu?"

"Tulifuta zote tulipofunga ofisi. Kweli, sikumbuki."

Neno lilelile la fundi viatu. Huyu hakuua mtu, najua. Lakini limetoka kinywani mwake jepesi vilevile.

Siku hizi mchana, cherehani ikinyamaza, usingizi unanizidi. Namwona baba amekunjwa vizuri, mdogo, amelala kama kitambaa kisichokatwa bado. Shangazi ameinama juu yake ananielekeza: shuka na njia, pita migomba, pinda. Anafika hapo, na mbele ya jina lake kinatokea kinyota. Nikiamka nimeshika kopo la vifungo.

Fundi viatu nilishamuuliza mbele ya watu. Sasa nakuuliza wewe wa Masoro. Ulifunga wewe, kwa mkono wako, ndani ya nyumba yangu. Njoo kwangu Biryogo mchana kweupe, ukae kiti kilekile, uandike kila neno ulilowahi kufungia kitu: jina la mama yako, la mtoto wako, la shule uliyosoma huko Uganda. Likikataa, andika jingine. Mimi nitakuwa uani, nitapasha chai. Na safari hii sitakanyaga pedali.