Nyoka wa ziwani na mama mkwe wangu

Nimemkosea mama mkwe wangu leo. Nasema mwenyewe kabla hajawaambia yeye.

Sisi wa kanisa la mtaa wa Joubert Park tulienda milimani kuona theluji. Mke wangu alibaki saluni, basi mama yake, aliyetoka Bukavu kututembelea, akawa na mimi.

Tumefika kwenye mteremko wa theluji unaoshukia ziwani, mama anaona watu wanateleza na vibao.
"Baba Grace, na mimi nataka."

Mwenye vibao akasema mgeni hatelezi peke yake. Nikae nyuma, nimshike kiunoni.

Eish. Mama mkwe? Mbele ya kanisa zima? Wenye wakwe, mngefanya nini?

Mimi nilidanganya. Wenyeji wanasema ziwani kuna nyoka mkubwa. Nikaongeza yangu, kwamba anachukia wazee wanaoteleza.

Mama akarudi kwenye basi, akajifunika kitenge. Sisi tukacheza mpaka jioni.

Kurudi, namkuta amepiga magoti kati ya viti.
"Nilikuwa nakuombea, mkwe wangu."

Nilishindwa. Nikakiri pale pale, basi zima linasikia.

Mama akacheka mpaka kilemba kikadondoka.
"Nilikuwa nakuombea uache uongo. Nimezaliwa kando ya ziwa Kivu, nyoka gani wa kunitisha? Na mimi niliona haya kushikwa na wewe. Ila theluji niliitaka kweli."

Nimepumua, ndugu zangu.

Jumamosi tunarudi. Mke wangu anafunga saluni, yeye ndiye atamshika mama yake. Mimi nitakivuta kibao mpaka juu, kila mara mama atakaposema, "Tena!"