Picha na Mama Mkwe Siku ya Ndoa ya Bomani

Nakumbuka Ijumaa moja pale bomani Geita, kamera ipo shingoni mwangu, jua limeshapanda, na mama mmoja wa makamo aliyejitanda khanga mpya anaondoka kuelekea getini bila kugeuka nyuma. Binti yake, bibi harusi, anamwita, "Mama! Mama, subiri!" Mama hasubiri. Mwanangu, wewe unayejiandaa kufunga ndoa ya bomani na watu wako wachache, vuta kiti. Nitakueleza kilichomwondoa yule mama na kilichomrudisha, halafu nitakwambia siku yako upigwe picha vipi. Usidhani ni mambo mawili. Ni moja.

Kwanza umjue anayesema nawe. Mimi ni Luhende, Baba Minza, mwisho wangu darasa la saba, na nusu ya hilo la saba niliisomea machungani. Kazi ya picha nilijifunza machimboni Nyarugusu, nikiwapiga wachimbaji wametoka shimoni na vumbi lao, wamevaa miwani ya kuazimana, wameegemea pikipiki zisizo zao. Hakuna chuo kilichonishika mkono. Leo nina studio Kagongwa, nina nyingine Kahama mjini, na bango langu la Kagongwa utaliona kabla hujaiona stendi. Vijana waliosomea picha mpaka Dar es Salaam wanakuja kuniuliza taa waiweke wapi. Sijisifu. Haya, najisifu kidogo. Mtu aliyejijenga mwenyewe akinyamaza, nani atamsemea?

Sasa, siku ile nilikuwa kijana bado, jina ndiyo kwanza linaanza kutembea. Bwana harusi alikuwa Ramadhani, mchimbaji mwenzetu wa Nyarugusu, Msukuma wa upande wa Kahama, Mwislamu wa swala tano. Bibi harusi alikuwa Kabula, binti wa Songwa, mwimbaji wa kwaya. Walipendana, na kila mmoja alikataa kumng'oa mwenzake kwenye imani yake. Wakaona waende bomani, kwa msajili wa serikali, kila mtu abaki na Mungu wake na wakae nyumba moja. Mimi naona walifanya la busara, ingawa si wote walioona hivyo.

Baba yake Kabula alikuwa ametangulia mbele ya haki. Mahari yalifika kwa mama yake vizuri, lakini baba zake wadogo kule Songwa waliposikia hakuna kanisa, hakuna msikiti wala ngoma, wakasusa. Wakasema, "Hiyo si ndoa. Kabula katoroshwa na mchimbaji." Neno hilo, mwanangu, kwetu Usukumani ni zito. Linamkaa mama kichwani kila anapokwenda kisimani. Mama Kabula akalibeba hivyo hivyo, akapanda basi peke yake mpaka Geita.

Asubuhi ile Kabula alinivuta pembeni. "Kaka Luhende," akasema, "picha nyingine zote zikiharibika, sikudai. Ninayoitaka ni moja: mimi, mume wangu na mama. Mama anarudi na gari la saa nane. Aondoke nayo mkononi, akawaonyeshe baba wadogo kwamba alikuwepo, na kwamba amenitoa yeye mwenyewe."

"Hesabu umeshaipata," nikamjibu. Ujana huo.

Ndani kwa msajili mambo yalikwenda vizuri. Chumba kidogo, meza moja, feni inayolia kama inakata mahindi. Mama Kabula aliketi karibu na mlango, Ramadhani mbele kabisa, na mimi nikiwa naruka huku na huku sikuona kwamba ule umbali kati yao walikuwa wameupanga. Wakaweka saini, mashahidi wakaweka zao, tukatoka nje kwenye ngazi.

Hapo ndipo Neema alipoishika shughuli. Neema alikuwa shahidi wa Kabula, msusi wa pale mjini, binti mchangamfu mwenye mdomo wa kutosha harusi tatu. "Haya jamani, bega kwa bega! Mama, wewe njoo huku katikati. Mkwe wako huyu hapa, mshike mkono! Rama, mkumbatie mama yako bwana, ndo keshakuwa mama yako!" Akamshika Mama Kabula kiwiko na kumsogeza. Ramadhani akarudi nyuma. Neema akamsukuma mbele. "We vipi, unamwogopa? Hang'ati!"

Na mimi jicho liko kwenye kamera, nasema, "Sogeeni kidogo... bado kidogo..."

Bega la mama lilipokaribia la mkwewe, yule mama alivuta khanga ikafunika uso, akageuka, akaanza kwenda. Ramadhani akainamisha kichwa kama mtoto aliyevunja chungu cha maji. Watu wa kwetu hawahitaji maelezo: mama mkwe na mkwewe wa kiume hawapeani mikono wala hawagusani. Wakikutana njiani, mmoja anapisha. Si chuki hiyo. Ni heshima ya juu kabisa, ndiyo inayoilinda nyumba ya binti. Neema alikuwa mtu wa kuja, amezaliwa mbali, hakulijua hilo; simlaumu, mgeni ni kipofu hata akiwa na macho.

Aliyenigeukia mimi alikuwa Mzee Shija, mjomba wake Ramadhani na shahidi wake. Mzee mrefu, koti la kijivu, sauti ya chini. Hakumsemesha Neema kabisa.

"Kijana, wewe ni wa wapi?"

"Kagongwa, mzee."

"Msukuma?"

"Ndiyo, mzee."

"Na kwenu Kagongwa mama yako anaegemeana na mume wa dada yako?"

"Hapana, mzee. Lakini hii ni picha tu."

"Picha tu," akarudia, kama mtu anayeonja mboga iliyochacha. "Sikiliza. Mwenye kamera ndiye dereva. Abiria wakipiga kelele, dereva hatupi gari mtoni kuwafurahisha. Yule mama anakwenda kuionyesha picha hiyo kwa watu wanaomsubiri wamcheke. Unataka aende nayo amegusana na mkwewe? Si ndiyo watasema kweli, Geita wameshasahau kila kitu?"

Mwanangu, nimekutana na maneno mengi makali, mengine ya watu wenye bunduki, lakini yale yaliniingia. Kabula alikuwa ameketi kwenye ngazi na gauni lake jeupe, machozi yanashuka, Neema anampepea na pochi akisema, "Mimi nimefanya nini jamani? Nimefanya nini?" Na getini mama yake ameshafika.

Sasa hapa ndipo utakapojua kwa nini jina langu lilitembea. Akili ni nywele, kila mtu ana zake, na zangu siku ile zilisimama. Nikamwambia Mzee Shija, "Mzee, nipe nafasi. Nitawaweka wote kwenye picha moja na hawatakaribiana."

"Utafanyaje?"

"Naomba umwambie Mama Kabula akae kwenye lile benchi la barazani. Mkwewe atasimama kule chini, mwisho wa njia."

Mzee akamfuata mama getini. Tuliwaona wanasemezana. Mama akanyoosha kidole kuelekea mwisho wa njia, kama anauliza: kule kule? Mzee akaitikia kwa kichwa: kule kule. Basi akarudi, taratibu, khanga bado imefunika nusu ya uso, akaketi kwenye benchi kwenye kivuli cha baraza. Nikatandika khanga ya Neema chini, Kabula akapiga magoti mbele ya mama yake. Hapo sikumwelekeza mtu tena. Mama mwenyewe aliinua mikono miwili akaiweka juu ya kichwa cha mwanawe.

Ramadhani naye alikuwa anarudi nyuma. "Hapa?" "Rudi." "Hapa?" "Rudi kidogo." Heshima ilimzidi, akarudi mpaka mlinzi akafoka, "Weye bwana harusi! Toka kwenye maua ya serikali!" Hata Mama Kabula alicheka, khanga ikamtoka usoni. Na mimi nilikuwa tayari nimelala kifudifudi kwenye vumbi na suruali yangu bora, maana ukipiga kutoka chini, aliye mbali anaonekana juu ya bega la aliye karibu. Mama mbele anacheka na mikono kichwani kwa binti, binti amefumba macho, na kule nyuma kati yao, mdogo, wima, mikono ameifumbata, mume. Nikabonyeza. Nikajua.

Tukakimbilia kuisafisha kwenye studio ya jirani na stendi. Mama Kabula aliipokea akiwa ameshapanda gari, akaitazama sana. "Wabeja," akaniambia, ndiyo asante ya kwetu, na akaifunga ndani ya khanga ya pili. Ramadhani alikuwa amesimama upande wa pili wa gari, anapungia dirisha lisilo la mama mkwe. Gari likaondoka.

Siku kadhaa zikapita. Kabula akanikuta kwenye studio ile ile, ananiletea habari kabla hajasalimia. Baba wadogo waliipokea picha kwa ubaya, wakaipitisha mkono kwa mkono wakitafuta la kusema. Mkubwa wao akaishikilia muda mrefu, akauliza, "Na huyu aliyesimama huku mwisho ni nani?" Mama Kabula akajibu, "Ndiye mkwe wenu." Mzee yule akaiweka picha mapajani, akasema, "Mtoroshaji hasimami hivi. Huyu amelelewa." Na mwezi uliofuata walimwita Ramadhani Songwa wakamchinjia mbuzi.

Mwanangu, sikusimulii ili unisifu, ingawa ukinisifu sitakuzuia. Nataka ujue kwamba ndoa ndogo ina picha ngumu kuliko kubwa. Kwenye harusi ya watu mia tatu mpiga picha akikosea, kosa linapotea kwenye umati. Bomani mko sita, saba. Kila mmoja ana maana, na aliyekosekana anaonekana. Kwa hiyo kabla ya siku, kaa na mpiga picha wako, hata kama ni rafiki yako mwenye simu nzuri, umwambie: huyu ni mama mkwe, huyu ni shangazi, hawa wawili wana ugomvi wa shamba, usiwabananishe. Kuuliza si ujinga. Mkiwa watu wa makabila mawili au dini mbili, mwulize kila mzee kwa adabu anapenda kusimama wapi. Hakuna sheria inayosema upendo ni kubanana.

Halafu usingoje kutoka nje ndipo uanze. Pigeni mkiwa bado mmekaa kwenye benchi mnasubiri kuitwa, mnachungulia mlango kila unapofunguliwa; miaka ikipita hiyo ndiyo itakayowachekesha. Pigeni mkono unapoweka saini, lakini mwombeni msajili ruhusa kwanza, ofisi ni yake. Nyuso za mashahidi usizisahau, maana wao ndio mtakaowakimbilia nyumba ikiingia moshi. Saa sita jua la kwetu linamkunja kila mtu uso, basi chukueni asubuhi, au ingieni kivulini barazani. Msikimbilie kuegemea gari la mtu ambaye hamumjui, wala kwenda kwenye bustani ya hoteli kujifanya wageni wa nchi nyingine. Yale mawe makubwa ya kwetu, ile njia ya vumbi, ile meza ya mama ntilie mnakokula wali na sato mkitoka kwa msajili, hayo ndiyo yenu. Na kwa kuwa mko wachache, kila mgeni apate yake moja na ninyi. Aliyepanda basi kutoka mbali kuja kwako asirudi na kumbukumbu ya kichwani peke yake.

Na msafishe picha, mwanangu. Msiziache kwenye simu. Simu huanguka chooni. Picha ya karatasi inapita mkononi mwa wazee, na mzee akiishika anaweza kusema neno litakalowafungulia mlango.

Lililo kubwa kuliko yote ni hili: anayekupenda anaweza kuonyesha kwa kusogea, na anaweza kuonyesha kwa kupisha. Jifunze kuyasoma yote mawili, kwenye picha na ndani ya nyumba. Wengi wanavunja ndoa kwa sababu wanataka kila mtu awashike mkono.

Nenda sasa. Mungu wa kila mmoja wenu awe shahidi wa tatu kwenye meza ile. Akujalie mwenzi anayecheka mlinzi akifoka, wakwe watakaokuita kwao, na watoto watakaogombania kushika picha zenu kwa vidole vyenye mafuta. Na mkifika umri wangu, mzitazame mkiwa wawili bado.