Mashuka ya Mwongoza Watalii

Sabatino, dereva wa mwongoza watalii, alishamzoea. Kwenye magofu ya Pompei mwanamke yule hushusha sauti kama aliyeingia msibani. Wakifika Vesuvio, volkano iliyouzika mji huo, kabla hajawapandisha wageni, huinama akaweka kiganja ardhini kama mama anayempima mtoto homa. "Vipi leo, dada?" Sabatino humuuliza. "Kalala fofofo." Jana, walipokuwa wakionja mvinyo kwenye shamba la mizabibu, mgeni mmoja aliangua kicheko: "Mjinga gani anajenga chini ya volkano?" Glasi yake ikapinduka. Mwanamke akachovya kidole kwenye mvinyo uliomwagika, akampaka mgeni huyo nyuma ya sikio, kama wafanyavyo wenyeji. "Bahati hiyo, baba." Kisha akaelekeza mwavuli wake kwenye roshani moja bondeni, chini ya mlima uleule, palipoanikwa mashuka. "Yale mashuka ni yangu. Sabatino, twende, mvua isije ikaniwahi."