Nyuki wa Akina Mama wa Bonga

Watu wanaoingia studio kwangu Maisaka, hapa Babati, kwa mara ya kwanza hutafuta kinanda. Wanaangalia kuta nilizobandika trei za mayai na vipande vya godoro, wanainama kuchungulia chini ya meza, kisha wanauliza, "Sasa chenyewe kiko wapi?" Nawaonyesha kompyuta. Humo ndani mna vinanda vingi kuliko ukikusanya vya makanisa yote ya mji huu, na vyote ni programu. Juu ya meza kuna kibao kidogo cha plastiki ambacho chenyewe hakina sauti hata ya kumwamsha paka. Nikikibonyeza, kompyuta ndiyo inayotoa sauti. Programu hizo za vinanda, sisi wenye kazi hii tunaziita sinthi. Sinthi nzuri haikupi sauti iliyokwisha kupikwa. Inakupa mlio mtupu, na wewe unaukata, unaunenepesha, unauchelewesha, mpaka uwe kitu ambacho hakuna mwingine anacho.

Naijua kazi hii vizuri, na sioni sababu ya kulisema hilo kwa sauti ndogo. Niliondoka Babati bila mjomba wa kunipokea mjini. Dar es Salaam nilitengeneza simu za watu mchana na kusoma jioni, nikajilipia diploma ya elektroniki mwenyewe, na kompyuta hii niliiunganisha kwa mikono yangu, kipande kimoja baada ya kingine kadiri nilivyopata. Niliporudi, wapo waliosema nimeshindwa maisha. Leo hao hao wananiletea harusi zao niwatengenezee muziki.

Siri ya kazi yangu, kama ni siri, ni utunzaji. Wenzangu wengi hapa mjini wanachomeka flashi yoyote inayopita, programu wanaazimana kama sufuria, halafu wanashangaa kompyuta imegoma katikati ya wimbo. Mimi programu zangu ni halali, nimezilipia. Kila Jumatatu nafungua kasha na kupuliza vumbi, maana vumbi la kiangazi hapa kwetu linaingia hata mahali ambapo hewa haiingii. Na kila mwisho wa mwezi nanunua bando, naiunganisha kompyuta na simu, naiacha ijichukulie masasisho yake yote. Kompyuta ya muziki ikichakaa ndani, huoni kitu kwa nje. Unasikia tu sauti imeanza kukatika, na hapo umechelewa.

Mwaka mmoja, baada ya mavuno ya mbaazi, walinijia akina mama wa kwaya ya Bonga. Walikuwa wanaandaa uzinduzi wa albamu yao ya kwanza, na mmoja wao ni mama yangu mzazi. Albamu nzima ilikuwa na nyimbo za mwalimu wao, isipokuwa wimbo mmoja alioutunga mama mwenyewe, akiwa shambani, kwa kuuimba tu mpaka ukakaa. Ni wimbo wa shukrani. Katika miaka yake yote ya kuimba mstari wa nyuma, ulikuwa wimbo wake wa kwanza, na yeye ndiye angeuanzisha.

Nilitaka uwe na mwanzo ambao haujasikika Manyara. Nikakaa na sinthi moja ndogo ya zamani, nikapapasa vitufe vyake mchana kutwa, mpaka ikatoa mvumo unaoanzia chini kabisa, unapanda taratibu, unajaa chumba. Mama aliposikia akasema, "Hao ni nyuki wanarudi mzingani." Basi ukaitwa nyuki. Mvumo ukishajaa, ndipo yeye anaingia. Hahesabu mapigo wala haangalii mkono wa mwalimu. Anasubiri nyuki wajae, anaingia, na hakosei.

Sasa, kwaya zetu zina desturi moja ambayo mgeni hawezi kuielewa haraka. Wimbo mpya hautoki nje kabla ya uzinduzi. Ukimpa mtu kwenye simu leo, keshokutwa kwaya ya kata nyingine inauimba kwenye sherehe yake, na ninyi mkija kuzindua mnaonekana mmeiga. Kwa hiyo mwalimu wa kwaya, mwalimu wa shule ya msingi anayependa kuvaa tai hata kwenye jua kali, alikataza nakala kabisa. Hakuna simu, hakuna flashi. Mazoezi yalifanyika kwangu, mlango umefungwa, na mama mmoja ameketi kwenye kiti mlangoni akimenya karanga kama mlinzi.

Uzinduzi ulipangwa Jumapili, na wiki yake ikaangukia mwisho wa mwezi. Nikanunua bando, nikaisasisha kompyuta kama kawaida yangu. Programu kubwa ya kurekodia ikapata toleo jipya, zuri, jepesi, nikafurahi nalo. Nikafungua wimbo wa mama, nikausikiliza kidogo katikati, uko sawa, nikauhifadhi.

Alhamisi mchana kwaya ikaja kwa mazoezi ya mwisho.

"Shikamooni mama zangu."

"Marahaba mwanetu. Haya, tupe nyuki, jua linakwenda."

Nikabonyeza. Kimya. Kisha ngoma ikaingia peke yake, na mama bado ameinua kidevu, anasubiri.

"Rudia," akasema mwalimu.

Nikarudia. Kimya, halafu ngoma. Toleo jipya lilikuwa limeikataa ile sinthi ya zamani. Waliokuwa wameitengeneza walishafunga kazi, hawakuiandalia toleo linalokubalika. Sauti za akina mama zilikuwepo zote, ngoma ipo, gitaa lipo, nyuki hawapo. Nilikuwa nimetunza toleo la zamani la programu kwenye diski ya pembeni, kwa sababu mimi si mtu wa kubahatisha, nikalirudisha mbele yao. Lakini wimbo ulikuwa umeshahifadhiwa kwa mtindo mpya, na toleo la zamani halikuweza kuufungua. Na nakala nyingine popote duniani haikuwepo, maana tulikuwa tumeilinda vizuri mno.

"Kwa hiyo wameibwa?" akauliza mama wa karanga, amesimama kabisa. "Mimi mlangoni hapa hakupita mtu!"

"Hawajaibwa, mama. Sinthi imezeeka, kompyuta imekua."

"Sasa si ungeiacha ibaki mtoto mpaka Jumapili?"

Wakacheka, lakini mama yangu hakucheka. Mwalimu akalegeza tai. "Akina mama, tuwe wakweli," akasema. "Zimebaki siku tatu tu kufika Jumapili. Bila mwanzo ule, mama hataingia sawa. Tuimbe ule wetu wa zamani, huu tuuweke akiba."

Mama akakunja khanga yake, akaikunjua, akaikunja tena. "Wa kwangu ndio wa kuwekwa akiba," akasema, si kwa hasira.

Sikuwa tayari kukubali jambo hilo litokee ndani ya chumba changu. Nikawaambia wakae. Nikafungua sinthi nyingine, mpya na kubwa, nikaanza kuwajenga nyuki upya kwa kumbukumbu. Mvumo wa kwanza ukatoka.

"Hao inzi," akasema mama mmoja.

Nikaunenepesha.

"Hiyo bodaboda inapandisha kilima cha kwetu, na imepakia watatu."

Nikaupunguza makali, nikauchelewesha.

"Sasa hiyo ni mashine ya kusaga."

"Si mashine, ni mume wangu amelala!"

Chumba kikalipuka kwa kicheko. Mwalimu akajaribu kunyamazisha, wakamwambia atulie na tai yake. Nikajaribu tena na tena. Kila mara nilikuwa nakaribia, na kila mara walitikisa vichwa pamoja, kama walivyofundishwa kuimba pamoja. Masikio yao yalikuwa yameikariri sauti ile kuliko mimi niliyeitengeneza, na hilo linanipa sifa zaidi, maana sauti mbaya haikaririwi hivyo.

"Mwanetu, sikiliza," akasema wa karanga. "Walikuwa wanaanza hivi." Akafunga midomo, akavuma, chini kabisa.

"Aah, chini zaidi," akasema mwingine, na yeye akavuma.

"Nyote mnapanda haraka. Walikuwa wanapanda kama uji unapotaka kuchemka." Wa tatu naye akavuma, polepole.

Wakabishana kwa kuvuma. Kila mmoja alikuwa na uhakika kwamba yeye ndiye anayekumbuka, na hakuna aliyetaka kunyamaza kwanza, mpaka wote wakawa wanavuma kwa pamoja, nusu kwa ubishi na nusu kwa mchezo. Na mvumo wao ukapanda, ukajaa kile chumba cha trei za mayai. Nikageuka kumtazama mama. Alikuwa ameinua kidevu. Akaingia.

Aliimba mstari wake wa kwanza wote, bila ngoma, sawasawa. Kisha akanitazama. "Si hao?"

"Kaeni hivyo hivyo!" nikapiga kelele. "Mtu asihame!"

Hapa ndipo diploma inapomtofautisha mtu na mbonyeza vitufe. Ipo aina nyingine ya sinthi, ambayo unailisha sauti uliyoirekodi mwenyewe na yenyewe inaigeuza kinanda. Nikafunga maiki katikati ya chumba. Jirani alikuwa anakamua alizeti, mashine yake inatetemesha dirisha, nikatoka nje kumwomba azime kidogo. Akakubali kwa sharti moja, asogee karibu asikilize. Mama mlinzi akamkatalia. "Wimbo haujazinduliwa!" Akarudishwa mpaka kwenye magunia yake, na mashine ikazimwa hata hivyo.

Nikawarekodi wakivuma, sauti ya chini peke yake, ya kati peke yake, kisha wote. Zoezi hilo lilichukua muda mrefu kuliko nilivyotarajia, kwa sababu kila aliyemaliza alitaka kusikia sauti yake iko wapi.

"Mimi sijisikii humo."

"Uko ndani, mama, umechanganyika."

"Basi nichanganye kidogo kidogo, nisipotee kabisa."

Nikaikata mivumo yao, nikailaza mmoja juu ya mwingine, nikauchelewesha mwanzo ili uanzie mbali. Jua lilipoanza kushuka upande wa ziwani, nikaweka kidole kimoja kwenye kibao na kubonyeza. Akina mama wa Bonga wakatoka kwenye spika, wakubwa kuliko walivyo, wakipanda taratibu. Hakuna aliyesema inzi wala bodaboda. Mwalimu akakaza tai yake upya. Safari hii nikautoa wimbo mzima kuwa sauti moja iliyokamilika, faili ambalo halihitaji sinthi yoyote iwe hai, nikaliweka kwenye diski mbili na kwenye simu yangu. Mlinzi aliiona simu, akaniruhusu kwa jicho kali.

Jumapili kanisa lilijaa mpaka nje. Nilikaa kwenye meza ya mitambo, nimevaa shati langu la mahafali. Mgeni rasmi alikuwa bado anaongea na jirani yake pale nilipobonyeza. Mvumo ukaanza, watu wakageuka wakidhani kuna kitu kinatokea nje. Mwalimu aliinua mkono, mama hakumwangalia. Aliangalia mbele, akasubiri wajae, akaingia. Sitasema kanisa zima lililia, maana si kweli. Nitasema tu kwamba mgeni rasmi aliacha kuongea, na wimbo ulipokwisha wakadai urudiwe, na mama akauanza tena bila wasiwasi, kana kwamba mstari wa mbele ndio aliouzoea siku zote.

Nje, wakati wa pilau, akanijia mpiga kinanda wa kanisa moja la Nangara, mtu mzima mwenye masharubu, flashi iko mkononi. "Kaka, ile sauti ya mwanzo umeitoa kwenye sinthi gani? Nirushie."

Nilikuwa nimeandaa hotuba ndefu ya kumjibu. Mama akaniwahi, sahani mkononi.

"Unataka nyuki?"

"Ndiyo, mama."

"Hao wana wenyewe, baba. Lete akina mama wa kanisani kwenu wavume kwa fundi, atawatengenezea wenu."

Nilidhani yule mpiga kinanda ameliacha hapo. Jumanne mchana akina mama wa Nangara walifika kweli, wamevaa sare, na walikuwa wanabishana tangu getini ni nani kati yao anayevuma vizuri.