Msitu Ambao Mama Fortunée Hakutaka Kuukata

Kwa miaka ishirini na saba Mama Fortunée aliuza makala, makaa ya kupikia, sokoni Kabondo, na kwa miaka hiyo yote hakuna mteja aliyemwona msafi. Ukimpa mkono, unarudi nyumbani na weusi wake. Kucha zake, mikunjo ya shingo yake, hata kitambaa cheupe alichojifunga kwenda misa, vyote vilikuwa na ule unga mweusi ulioishinda sabuni. Kifua nacho kilikuwa kimejaa. Alikohoa kabla ya kusema bonjour, na majirani walijua kumekucha kwa kumsikia yeye.

Mtu wa namna hiyo akisema anatafuta msitu wa kununua, kila mmoja anajua anataka kuufanya nini. Kila mmoja alikosea. Mama Fortunée alitaka kununua msitu ili akae ndani yake.

Mahali penyewe alipaona kwa bahati. Magunia yake yalikuwa yamechelewa, akavuka mto mpaka Lubunga, akapanda toleka kufuata barabara ya zamani ya Opala. Baiskeli ikapasuka mpira kwenye PK 21, yaani kilomita ya ishirini na moja. Dereva alipokuwa akiziba, mama aliingia porini kujisaidia, akatokea kwenye uwanda mdogo wa majani mafupi, wenyeji wanauita esobe. Kuuzunguka ilisimama miti ya limbali, minene, yenye kivuli kizito, na mbele ya limbali mti mmoja wa lifaki ambao watu watano wasingeukumbatia. Akakaa kwenye mzizi wake. Akavuta pumzi, ikaingia mpaka chini. Akangoja kikohozi, maana alikizoea, lakini hakikuja.

Jioni alimwambia binti yake Chimène, "Nimepata fasi ya kupumuzika."

"Mama, batu banapumuzikaka ku kitanda," Chimène akajibu, akaendelea kusuka nywele za mteja wake.

Mwenye udongo ule alikuwa Papa Hubert, mkubwa wa ukoo uliourithi msitu kutoka kwa babu zao. Alipokea mbuzi wawili, gunia la chumvi, kitenge cha mkewe, jerikeni ya pombe ya lotoko na bahasha ambayo Mama Fortunée aliijaza kwa miaka minne. Wakaandika karatasi, wakatia vidole.

"Utalima nini?" Papa Hubert akauliza.

"Silime. Nataka kuchunga miti. Siku ya mungu nitakuya kuikala tu."

Papa Hubert aliitazama mikono yake myeusi, akacheka mpaka akafuta machozi. Alidhani mama anamficha siri ya biashara.

Basi kila Jumapili baada ya misa, Mama Fortunée alifunga kiti cha plastiki nyuma ya toleka, akavuka. Alikaa chini ya lifaki akitazama nyani wakipita na kasuku wakigombana, akala chikwanga yake ya muhogo, akalala mdomo wazi. Watoto wa kijiji aliwaruhusu kuokota mbinzo, wale viwavi watamu wanaoshuka kutoka kwenye lifaki msimu wao ukifika, mradi wasiguse shina. Alikuwa na furaha. Ni afadhali nilitaje hilo hapa, kwa sababu huko mbele halina nafasi.

Kosa lake lilikuwa moja, na barabara nzima ya Opala ililijua isipokuwa yeye: hakukata kitu. Huko mtu akipewa msitu hutia shoka, na visiki vyake ndivyo vinavyomtangaza kwamba yupo. Msitu usiotiwa shoka kwa miaka mitatu hurudi kwa ukoo, na ukoo humpa mwingine. Hakuna aliyemwambia, kwa kuwa hakuna aliyefikiri kwamba jambo kama hilo linahitaji kuambiwa. Yeye alikuwa mtoto wa mto, wa Isangi, baba yake mvuvi. Msitu aliujua ukiwa ndani ya magunia.

Mwaka wa tatu kifua kilimlaza wiki saba. Alipopata nguvu ya kurudi sokoni, alimkuta Nicolas, kijana aliyemletea makala tangu zamani, ameshusha magunia kumi mapya. Mama alichukua vipande viwili akavigonganisha. Vililia vizuri, vigumu, havikumeguka. Kabla ya saa sita alikuwa ameuza magunia sita, na kila mteja alisema makala magumu namna hii hupika maharagwe mpaka yaive na moto bado upo. Alifurahi hata akamwita Nicolas aongeze.

"Hii muzuri vile ilitoka wapi?"

"PK 21, mama. Karibu na ile esobe. Papa Hubert njo alinipatia, fasi haikuwa na mwenyewe."

Mama Fortunée alikalia gunia. Nicolas alidhani ni ugonjwa, akamletea maji, kwa sababu hakuwa kijana mbaya. Hakujua kabisa.

Kesho yake Mama Fortunée, Nicolas na Chimène walikuwa uani kwa Papa Hubert, na nusu ya kijiji ikiwa imekuja kuangalia. Mama alitoa karatasi. Papa Hubert aliisoma polepole, akakubali kidole ni chake.

"Karatasi iko ya kweli," akasema. "Bon. Sasa unionyeshe kisiki chako."

"Sina."

"Muhogo? Muchikichi? Hata ndizi moja?"

"Sina, papa."

"Alors, miaka tatu ulikuwa nafanya nini kule?"

"Nilikuwa naikala."

Kijiji kilicheka. Mke wa Papa Hubert alicheka kuliko wote, naye alikuwa amevaa kile kitenge. Mama Fortunée aliona aibu iliyomshika mpaka masikioni, kisha akaona hasira, kisha akaomba maji.

Papa Hubert hakutaka kuonekana mwizi. Akaamua hivi: kati ya mama na Nicolas, kila mmoja atachukua sehemu atakayoifyeka kwa mkono wake au kwa watu wake, mpaka Jumamosi. Kitakachobaki kimesimama Jumamosi jioni kitarudi kwa ukoo, na ukoo, kila mtu alijua, utampa Nicolas.

Njiani Chimène alimwambia mama yake aache. "Ni miti tu, mama."

"Njo maana," akajibu, akatangulia kuelekea mtoni.

Alipiga hesabu yake. Akikata pembeni tu, akizunguka kama mtu anayejenga ua, lifaki na esobe vitabaki ndani na vitakuwa vyake. Alikodi vijana wawili wenye msumeno wa mota, naye mwenyewe akashika shoka. Jumatano, Alhamisi, Ijumaa. Kila limbali lilipolala, jua liliingia mahali ambapo halikuwahi kufika, na yeye alikohoa, akatema, akaenda kwenye mti mwingine.

Jumamosi asubuhi Papa Hubert alikuja kukagua na viatu vyake vya mpira vya njano. Aliridhika na pembeni. Kisha akanyoosha fimbo katikati.

"Na hii?"

"Iko yangu. Niko nayo ndani."

"Mama, yenye inasimama haiko ya mutu. Nilishasema."

Nicolas alikuwa pale, msumeno begani. Alizungumza kwa adabu, kama siku zote. "Mama, kama haukate, mi nakata. Usichoke bure."

Mama Fortunée aliutazama ule mti. Alijua Nicolas akiuangusha, esobe itakwenda pamoja nao, na yeye atabaki na ua wa visiki usiozunguka kitu. Akaomba shoka lake. Akawaambia vijana wake waanzie upande wa mzizi aliokuwa akiukalia, na pigo la kwanza, la shoka, akalipiga yeye, ili isije ikasemwa kwamba ulikuwa wa mtu mwingine.

Lifaki ulianguka saa tisa alasiri, ukalala juu ya esobe yote. Watoto wa kijiji walikuja mbio na mabeseni, maana matawi yalijaa mbinzo, na hawakuwa wamewahi kuwapata wengi hivyo kwa siku moja. Walimshukuru sana. Papa Hubert alimpa mkono na kumwita mwenye shamba, mara ya kwanza kwa miaka mitatu. Nicolas akauliza kama anaweza kumchomea mti kwa nusu ya magunia, naye akakubali, kwa kuwa mti umeshalala na tanuru za Nicolas zilikuwa karibu.

Jumapili baada ya misa alivuka kama kawaida, safari hii na Chimène. Moshi ulikuwa tayari unatoka kwenye tanuru ya kwanza, na kikohozi kilimpokea barabarani. Chimène alifungua kiti kutoka kwenye baiskeli, akasimama nacho katikati ya visiki, akauliza akiweke wapi.

"Weka popote," mama yake akasema. "Yote iko yetu."